Dawa ya Msimu Ujao

Kwa miaka miwili, njia iliyokanyagwa kuliko zote nyumbani kwa Pankras ilikuwa ile ya kwenda chooni. Ya shambani iliota nyasi. Ya kisimani aliipita mkewe peke yake. Lakini hii ya chooni, hatua arobaini kutoka mlango wa uani hadi kibanda cha mabati nyuma ya migomba, ilikuwa imekuwa ngumu na laini kama sakafu. Eliza, mkewe, angeweza kuipita amefumba macho, maana kila Pankras alipokawia alimfuata, akasimama nje, akasikiliza kama bado anapumua vizuri.

Eliza hakuwa mtu wa Mpepai, kijiji cha mumewe. Alizaliwa Chiwanda, kule chini ziwani, kwenye nyumba ya Waanglikana waliokula ugali wa muhogo na usipa asubuhi na jioni bila kuuchoka. Pankras alikuwa Mmatengo wa mlimani, Mkatoliki, mkulima wa kahawa na mahindi. Walikutana sokoni Mbinga, Eliza akiuza usipa mkavu kwenye beseni. Pankras alinunua Jumamosi ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka dada yake mkubwa, Kunigunda, akamuuliza kama anafungua duka la samaki. Yeye hakujua Kinyasa na Eliza hakujua Kimatengo, kwa hiyo Kiswahili cha shuleni na sokoni ndicho kilichowaunganisha. Walibembelezana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakamlea binti yao Tadea kwa hicho hicho, na majirani wakawacheka kwamba nyumba ile inaongea kama ofisi ya kata.

Kilichomshinda Eliza mwanzoni si lugha, ni mlima. Kwao jembe linalala kwenye mchanga. Huku shamba limesimama kama ukuta, na Wamatengo wanalilima kwa namna yao wenyewe. Mwanamume anafyeka nyasi mwezi wa pili au wa tatu, anaziacha zinyauke, kisha anazilaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Mwanamke anakuja nyuma yake na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo anaoutoa, halafu juu ya kingo hizo anapanda maharage. Kunabaki shimo katikati, kingo pande nne, na mvua ikishuka inanaswa humo badala ya kukimbia na udongo wa watu. Hizo ndizo ngoro. Kunigunda ndiye aliyemfundisha Eliza kuzichimba, huku akimcheka kwamba anachimba kama mtu aliyedondosha pete. Baada ya misimu mitatu hakucheka tena.

Mwanamke halazi nyasi. Hakuna aliyeandika hivyo mahali popote, lakini hata mjane huomba shemeji au mjomba aje amlazie. Na Pankras alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mistari yake ilinyooka bila kamba, na vijana waliooa karibuni walipita kwenye ntambo yake, yaani ule mteremko wa ukoo, kuiga. Alijivunia jambo hilo kuliko kahawa yake, kuliko hata sauti yake ya besi kwenye kwaya ya parokia.

Ugonjwa ulianza kama tumbo la kuhara tu, nani hajawahi kuhara? Akapewa dawa ya amiba, akapata nafuu wiki mbili. Ukarudi. Akapewa ya taifodi. Ukarudi na damu. Zahanati wakampa tena ya amiba, duka la dawa wakampa nyingine yenye rangi ya kupendeza, na kila mara ulikuja uafadhali mdogo wa kumdanganya mtu. Mwaka ulipoisha alikuwa anakwenda chooni mara kumi na mbili kwa siku. Akaacha kwaya, kwa sababu misa ya Jumapili ni ndefu na tumbo lake halikujua mahubiri. Akaacha kwenda misibani, akaacha mikutano ya wakulima. Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja akawa anauliza kwanza choo kiko wapi kabla hajauliza habari za nyumbani. Aibu ile ilimla kuliko maumivu.

Akakonda. Mtu akikonda watu hawakosi jina la kumpa. Alipimwa mara tatu, mara tatu hakukutwa na virusi, lakini karatasi ya hospitali haiwezi kushindana na mashavu yaliyoingia ndani. Kunigunda yeye hakusema UKIMWI. Alisema jambo lililomuuma Eliza zaidi.

"Wifi, mimi nasema ukweli wangu," alisema siku moja akipepeta mahindi uani. "Ukoo wetu hauna ugonjwa huu. Huo usipa wenu wa ziwani ndio uliomkata matumbo mdogo wangu. Miaka kumi na minne anameza miiba!"

Kuanzia siku hiyo Eliza hakupika usipa tena nyumbani kwake, mwaka mzima. Na ubaya wa maneno yale ni kwamba nusu yake aliyaamini. Akilala aliwaza, labda kweli ni mimi.

Misimu miwili ikapita bila nyasi kulazwa. Ntambo ya Pankras ikawa pori dogo katikati ya miteremko ya wenzake iliyochimbwa vizuri, na kila aliyepita njia ya juu aliiona. Kunigunda aliwahi kutaka kumtuma mwanawe aje kulaza, Pankras akakataa kwa hasira. Alisema akiwa bado anapumua hakuna mtu atakayemlazia nyasi zake.

Mwezi wa kwanza mwaka huu wakaandikiwa rufaa kwenda hospitali kubwa ya mbali, safari ya siku mbili. Kule kulikuwa na kamera nyembamba ya kuingiza ndani ya utumbo na kutazama. Pankras akapewa dawa ya usingizi, na alipokuwa bado amelala kitandani, daktari mmoja mama, Dokta Siwema, akamwita Eliza pembeni, akamwekea kiti. Hilo lenyewe lilimtia hofu. Madaktari aliowazoea walimpa habari akiwa amesimama.

"Mama, unajua askari wa mwili wako wengi zaidi wanakaa wapi?" aliuliza Dokta Siwema.

"Kwenye damu?"

"Tumboni. Kwenye utumbo. Ngozi ya nje ni ngumu, haipitishi kitu ovyo. Utumbo hauna bahati hiyo. Kila siku lazima upokee ugali, maboga, maji, na vijidudu vyote vinavyoingia navyo, na ukuta wake wa ndani ni mwembamba sana, safu moja tu ya seli, imepakwa ute. Nyuma ya ukuta huo ndipo kinga imejipanga. Sasa sikiliza. Kupigana si kazi ngumu kwa askari wale. Kazi yao ngumu ni kutulia."

"Kutulia?"

"Ndiyo. Kila siku wanaona vitu vigeni. Chakula ni kigeni. Bakteria wanaoishi humo ndani ni wengi kuliko unavyoweza kuhesabu, na wengi wao ni wakazi wema, wanatusaidia. Askari wanafundishwa tangu utotoni, tangu maziwa ya mama, kuwatambua hao na kuwaacha. Akija wa kipindupindu, ndipo wapige. Kwa mumeo, wamesahau kutulia. Hakuna adui aliyeingia. Wanawapiga wakazi, na katika kupiga wanauchubua ukuta wenyewe. Damu unayoiona inatoka hapo."

Eliza alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Kwa hiyo, Daktari... ni chakula? Ni samaki?"

"Samaki gani?"

"Usipa. Mimi ni mtu wa ziwani."

Daktari akamtazama kidogo. Nadhani alikwisha kukutana na wake wengi wa namna hiyo. "Hapana, Mama. Si usipa. Si kitu chochote ulichompikia."

Eliza akalia, si kwa kelele. Daktari akamngoja. Kisha Eliza akauliza kwa nini askari hao wamegeuka, na daktari akasema hawajui vizuri, hata wasomi wakubwa hawajui vizuri, na kwamba huenda ugonjwa huu hautaondoka wote, bali utalazwa. Halafu akamwonyesha dawa.

"Hivi vyeupe vinawatuliza askari. Vinane kila asubuhi baada ya chakula, kwa wiki mbili. Baada ya hapo unapunguza kimoja kila wiki. Kimoja tu. Hivi vya njano atameza miaka. Sasa nisikilize, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Damu itakatika. Atanenepa uso. Utamwona amepona. Usikatishe! Mwili wake unatengeneza wenyewe kitu cha jamii ya dawa hii, na ukiletewa kingi kutoka nje unaacha kutengeneza. Mkikatisha ghafla atabaki hana cha nje wala cha ndani, na askari watarudi na hasira. Anaweza kufa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Nirudie?"

"Nimeelewa, Daktari." Na alikuwa ameelewa kweli. Hiyo ndiyo sehemu iliyomtesa baadaye.

Kwenye basi la kurudi, Pankras akamuuliza, "Kasemaje?"

Eliza alikuwa na maneno yote kichwani, yamepangana. Lakini mbele yao alikaa mwalimu wanayemfahamu, nyuma mama mwenye masikio marefu, na Pankras mwenyewe alikuwa amechoka, midomo imekauka. Angeanzaje habari ya askari na ukuta na wakazi? Alimwambia neno fupi analolijua mkulima wa kahawa.

"Ni kama kutu ya majani, Baba Tadea. Unapuliza dawa mpaka jani litakate."

Pankras akacheka. Ilikuwa miezi mingi hajacheka. "Kumbe! Sasa hapo nimeelewa. Miaka miwili wananizungusha, kumbe kutu!"

Eliza naye akacheka. Alijua sivyo. Kutu inatoka nje, inakaa juu ya jani, unaiua, imekwisha. Mkulima mwenye akili akiona jani safi hapulizi tena, kwa sababu anaharibu dawa na anaunguza chipukizi. Daktari alikuwa amemwambia hakuna adui kutoka nje. Lakini mumewe alikuwa anatabasamu dirishani, milima inapita, na Eliza akasema moyoni kwamba akifika nyumbani atamweleza vizuri. Walipofika, Pankras alimeza dawa zake kila asubuhi bila kusumbua. Sasa cha kueleza kilikuwa nini? Alimwambia mara moja au mbili kwamba dawa hii haikatishwi, yeye akajibu "sawa" kama wanaume wanavyojibu, na ikawa imepita.

Wiki ya tatu damu ilikatika. Ya nne, Pankras alilala usiku kucha bila kuamka. Nyasi ndogo zikaanza kuchungulia kwenye njia ya chooni, na Eliza alizitazama kwa furaha aliyoionea aibu hata mbele ya Mungu. Uso wa mumewe ukajaa, ukawa duara. Hamu ya kula ikamrudia kiasi kwamba aliomba usipa mwenyewe, akala sahani nzima mbele ya Kunigunda, akalamba vidole.

Kunigunda alifurahi, lakini hakuacha ya kwake. Alileta unga wa mizizi kutoka sokoni, umefungwa kwenye nailoni. "Huu ni wa kuongeza kinga," alisema. "Anywe na uji."

"Wifi, kinga anayo. Imezidi," Eliza alisema. "Tunaipunguza."

"Kinga inapunguzwa? Mtu mgonjwa anapunguzwa kinga?" Kunigunda alimtazama kama mtu aliyekwisha kuona mengi kwa huyu mwanamke wa ziwani. Eliza hakuwa na subira ya kueleza. Unga aliutupa nyuma ya nyumba, kwa siri.

Mwishoni mwa mwezi wa pili, vidonge vyeupe vikiwa vimefika vitano kwa siku, simu ikaja kutoka Chiwanda. Mama yake Eliza amefariki.

Kabla hajaondoka alikaa mezani na daftari la zamani la Tadea, ambaye alikuwa bwenini Namswea. Alichana kurasa, akatengeneza vifurushi vidogo, kila kimoja cha asubuhi moja, akaandika tarehe juu. Alitengeneza vya wiki mbili, ingawa alikusudia kukaa moja, na alipofika wiki ya pili alipunguza kidonge kimoja kama alivyoagizwa. Akavipanga ndani ya kopo la maziwa.

"Kila asubuhi kimoja," alisema. "Baba Tadea, unanisikia? Usiruke hata siku moja."

"Nenda ukamzike Mama," alisema Pankras. "Mimi si mtoto."

Walimzika mama kwenye makaburi ya kanisa, jirani na ziwa, mvua ikiwanyeshea. Mvua hiyo haikukoma. Siku ya kurudi ilipofika, mto ulikuwa umebeba daraja dogo la barabara ya kwenda Mbamba Bay, na magari yakasimama pande zote mbili. Wiki moja ikawa wiki tatu. Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya mwamba nyuma ya nyumba ya mchungaji, na kuupanda kwenye utelezi ilikuwa kazi ya kuvunja mguu. Eliza aliupanda kila baada ya siku tatu, nne.

Jumamosi ya pili alimpata mumewe hewani. Sauti yake ilikuwa ya furaha, ingawa pumzi ilikuwa fupi, kama mtu aliyetoka kupanda kilima.

"Unaendeleaje, Baba Tadea?"

"Jani safi!" Pankras alisema. "Safi kabisa, Mama Tadea. Wewe njoo tu. Kuna kitu nimekufanyia, ukikiona utacheka."

Eliza akacheka kabla hajakiona. Kisha lile neno, jani safi, likamgusa mahali. Alitaka kuuliza habari za vifurushi. Chini ya mwamba shangazi zake walikuwa wanamwita, wageni wa maombolezo wameingia, chungu hakina msimamizi. Simu ikakata. Alisimama pale, mvua inamwingia shingoni, akabonyeza tena mara mbili, ikakataa. Akajiambia atauliza kesho kutwa. Kesho kutwa simu ya Pankras ilikuwa imezimwa, na siku iliyofuata pia.

Daraja lilipotengenezwa alipanda gari la kwanza. Liliposimama stendi ya Mbinga, jumbe za Kunigunda zikaingia kwenye simu, tatu kwa mpigo, zote za jana. Hakwenda Mpepai. Alikwenda moja kwa moja hospitali na kapu lake la usipa mkononi.

Walimkuta kwenye mteremko, Kunigunda akamweleza kwenye korido. Wanawake waliokuwa wanapita njia ya juu walimwona amelala kifudifudi kwenye nyasi, wakadhani anapumzika. Alikuwa ametapika, amelegea, na damu ilikuwa imerudi siku kadhaa bila yeye kumwambia mtu. Alikuwa anajifunga kitambaa na kwenda shambani. Madaktari walimwekea maji na sindano, wakampigia simu Dokta Siwema, wakafanya kila alichowaelekeza.

Pankras alifumbua macho alipoisikia sauti ya mkewe. Uso wake uliokuwa duara ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Baba Tadea, dawa ulikunywa?"

"Niliisimamisha." Alisema polepole, bila wasiwasi, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi. "Ulipoondoka tu. Jani lilikuwa safi. Si ulisema?"

Eliza alishika mkono wake, ukiwa wa baridi na umejaa malengelenge ya fyekeo.

"Nimelaza zote," Pankras akasema. "Ntambo nzima. Imebaki kona ya juu tu. Utakuta nyasi nimezirundika. Kesho nitamalizia."

Alikufa siku ya pili saa sita mchana, wagonjwa wengine wakiwa wanaletewa chakula. Eliza alikumbuka harufu ya wali.

Msiba ulikuwa mkubwa, kwaya yote ilikuja, besi ikapwaya. Na kwenye msiba watu walihitaji maelezo, na Kunigunda akawa nayo. "Dawa za hospitali," aliwaambia waombolezaji. "Zilimvimbisha uso, mlimwona wenyewe. Zilimpunguza kinga. Mtu anapunguzwa kinga, atapona?" Watu wakatikisa vichwa. Eliza, amekaa kwenye mkeka amefunikwa kanga, alisikia kila neno. Na lazima isemwe, maneno yale yalimpa nafuu. Hayakumtaja yeye wala usipa wake. Angeweza kuyaacha yakae hivyo hivyo mpaka naye azikwe.

Siku ya tano baada ya mazishi aliingia stoo kutafuta jembe. Kwenye rafu ya juu, Pankras alipoweka bomba lake la kupulizia na mrututu uliobaki, ile dawa ya kahawa, palikuwa na lile kopo la maziwa. Ndani vifurushi vyote kumi na vinne, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani, vizuri, kwa fundo lake la siku zote, na vidonge vya njano vimewekwa pembeni kwenye mfuko wao. Juu ya kifuniko alibandika kipande cha karatasi kama alivyobandika kwenye kila dawa ya shamba iliyobaki, kwa mwandiko wake wa darasa la saba: *Akiba ya msimu ujao.*

Hakuwa ameitupa, wala hakuwa mkaidi. Aliitunza. Eliza alikaa chini sakafuni, kopo mapajani, akasema kwa sauti, peke yake, "Mimi. Ni mimi."

Alichukua jembe akaenda ntambo. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona tangu arudi, maana siku zote za msiba hakutoka uani. Mteremko mzima ulikuwa umefyekwa, kutoka kijito cha chini mpaka karibu na njia ya juu, na nyasi zimelazwa miraba kwa miraba, mamia yake, mistari imenyooka kama zamani. Misimu miwili ya aibu, akaifuta kwa wiki mbili, akivuja damu. Kuna kitu nimekufanyia, alisema. Nyasi zilikuwa zimekauka kupita kiasi na mvua za mwisho zilikuwa zinakaribia kuisha. Zisipofukiwa wiki ile, zingepeperuka na kazi yote ingekwenda na upepo.

Eliza alilia kwanza. Kisha akaanza kuchimba kutoka chini. Alikuwa amemaliza mraba wa nne aliposikia jembe lingine. Kunigunda alikuwa ameshuka bila kuitwa, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, anachimba mstari wa pembeni. Hawakusalimiana. Walikwenda hivyo siku mbili, kila mtu na mstari wake, wakipanda maharage nyuma yao, mpaka asubuhi ya tatu walipofika kona ya juu.

Pale nyasi zilikuwa rundo. Ardhi ilikuwa tupu, na pembeni ya rundo kulikuwa na mahali nyasi zilizodondoka zililala upande mmoja, mahali mtu alipoanguka. Wanawake wawili wakasimama.

"Nitamwita mwanangu aje kulaza," Kunigunda alisema.

"Hapana." Eliza aliweka jembe chini, akainama, akakumbatia nyasi za kwanza, akaanza kuzilaza mwenyewe. Hakujua. Mstari ulipinda, ukaungana vibaya na ule wa Pankras. Kunigunda akashika mwisho wa pili, akavuta mpaka mstari ukanyooka kiasi, na hakusema lolote kuhusu mwanamke kulaza nyasi.

"Wifi," Eliza akasema, bado ameinama. "Si dawa iliyomuua. Aliiacha. Ninazo zote nyumbani, zimefungwa kamba. Na aliiacha kwa sababu yangu. Nilimwambia ni kama kutu ya kahawa, unapuliza mpaka jani litakate. Daktari hakusema hivyo. Mimi ndiye nilisema, ndani ya basi, kwa kuwa ilikuwa rahisi."

Eliza alingoja atukanwe, na kwa kweli aliyataka matusi hayo.

"Daktari alisemaje?" Kunigunda akauliza mwishowe. Sauti yake ilikuwa kavu. "Hasa hasa. Niambie mimi kama alivyosema yeye."

"Ni ndefu."

"Sema yote."

Eliza akachukua jembe, akalitia katikati ya mraba, akavuta udongo juu ya nyasi. Kunigunda naye akaanza upande wake.

"Alisema askari wa mwili wengi wanakaa tumboni," Eliza alisema. "Alisema kazi yao ngumu si kupigana, ni kutulia. Alisema utumbo una ukuta mwembamba, safu moja tu. Alisema hakuna adui aliyeingia kwa Baba Tadea. Nikamuuliza kama ni usipa."

Jembe la Kunigunda likasimama hewani.

"Akasema nini?"

"Akasema si usipa. Akasema si kitu chochote nilichompikia."

Kunigunda aligeuza macho kwenye mteremko waliokwisha kuuchimba. Kisha jembe likashuka. "Endelea," alisema, na Eliza akaendelea, neno kwa neno, bila kuacha hata moja, mpaka nyasi zote za kona ile zikafunikwa.